Kupiga picha stesheni, kituoni na kivukoni bila kuzozana na mtu

Wapiga picha wengi wanaosimamishwa na walinzi kwenye stesheni na vituo vya mabasi walikuwa na tiketi mkononi. Walidhani tiketi imewapa haki ya kupiga kila wanachokiona, kumbe tiketi inatoa safari tu. Picha huamuliwa na mambo mengine: nani anasimamia eneo ulilosimama, lenzi imeelekea wapi, na picha utaifanyia nini. Ukiyajua hayo kabla ya kutoka nyumbani utapiga picha nyingi zaidi na nzuri zaidi, na utarudi siku nyingine ukapokelewa. Mwongozo huu unaihusu zaidi Dar es Salaam, na unagusa reli, matatu na kivuko cha Kenya pale mambo yanapofanana.

Eneo ni la nani?

Ukisimama kando ya Barabara ya Morogoro ukapiga daladala linalopita, hujaingia kwenye eneo la mtu. Ukivuka geti la tiketi la kituo cha mwendokasi, umeingia kwenye eneo la Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART. Stesheni za reli ya kisasa, SGR, na za reli ya zamani yenye upana wa mita moja ni za Shirika la Reli Tanzania, TRC. Stesheni kubwa iliyoko Barabara ya Nyerere ni ya TAZARA, mamlaka inayomilikiwa na nchi mbili, Tanzania na Zambia. Watu hulisahau hili kila mara: wanafika pale na kibali cha TRC, wanarudishwa, kisha wanalalamika kuwa wameonewa. Kibali cha TRC hakina nguvu TAZARA. Kivuko cha Magogoni na Kigamboni kiko chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis kiko chini ya halmashauri, si chini ya kampuni za mabasi, ingawa ukishapanda basi lenyewe mwenye kauli ni dereva na kondakta wake.

Juu ya wenye maeneo kuna sheria za nchi. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na Kenya ina Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa. Zote mbili zinaipa serikali uwezo wa kutangaza sehemu fulani kuwa ni za ulinzi, na huko kamera ni jambo zito. Ndiyo maana mlinzi wa stesheni akiiona kamera kubwa hawazi sanaa. Anawaza kwamba asipokuuliza, ataulizwa yeye.

Kivuko cha Magogoni ni mahali ambapo mtu anaweza kukosea bila kukusudia. Upande wa mjini, Ikulu iko jirani na gati. Upande wa Kigamboni kuna kambi ya jeshi la wanamaji. Mtu anapiga machweo yake akiwa juu ya kivuko, anageuka kidogo tu, na tayari Ikulu au meli ya jeshi imo ndani ya picha. Likoni, kule Mombasa, ni hivyohivyo: kivuko kinakatiza mlango wa meli zinazoingia bandari ya Kilindini, na kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko kwenye mkondo huohuo. Ukiwa kwenye vivuko hivi, muulize kwanza mfanyakazi wa kivuko. Akikubali, elekeza lenzi ndani: baiskeli zenye matenga, kamba za kufungia, miguu ya umati unaposubiri mlango ushuke. Picha hizo zina uhai kuliko mandhari ya mbali ambayo kila mtu anayo, na hazimtii mtu wasiwasi.

Simu ya kumbukumbu na kamera ya kazi

Abiria anayejipiga selfi na simu kando ya behewa kabla ya safari kwa kawaida haulizwi kitu, hata kwenye SGR. Mambo hubadilika unapotoa kimojawapo kati ya hivi: kamera yenye lenzi ndefu, tripodi, taa, kiakisi mwanga, maikrofoni, au bibi harusi. Hapo wewe si abiria tena machoni mwa walinzi. Unafanya kazi kwenye eneo lao, na kazi inataka barua.

Barua ya Kiswahili inatosha, ukurasa mmoja. TRC mwandikie Mkurugenzi Mkuu, DART na TEMESA mwandikie Mtendaji Mkuu, na uonyeshe kwamba inapelekwa kitengo cha uhusiano, maana huko ndiko itakakofanyiwa kazi. Kichwa kiwe cha moja kwa moja: YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUPIGA PICHA STESHENI YA MOROGORO. Ndani taja tarehe na saa, sehemu hasa utakazosimama (ukumbi wa abiria, jukwaa la treni, nje ya jengo), idadi ya watu utakaokuja nao, orodha ya vifaa, na matumizi ya picha. Usiandike "kwa matumizi mbalimbali". Maneno hayo ndiyo yanayozifanya barua zikae kwenye faili, kwa sababu hakuna ofisa anayetaka kusaini kitu kisicho na mipaka. Andika "maonyesho ya chuo" au "kalenda ya kampuni", kama ilivyo kweli. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho ya chuo, mwajiri au serikali ya mtaa.

Peleka nakala mbili, angalau wiki mbili kabla. Moja inabaki masijala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Baada ya siku tano za kazi piga simu uulize imefika meza gani. Kibali kikitoka, kichapishe na utembee nacho, na ukifika jitambulishe kwa mkuu wa stesheni kabla hujafungua begi. Kibali kilichosainiwa makao makuu mara nyingi hakijamfikia mlinzi wa zamu, na yeye ndiye utakayekutana naye kwanza.

Ukirekodi filamu, tangazo au video ya muziki, kibali cha stesheni peke yake hakitoshi. Tanzania kuna Bodi ya Filamu, na Kenya leseni za kurekodi filamu hutolewa na bodi inayopanga filamu kwa madaraja, KFCB. Droni ni safari nyingine kabisa: Tanzania inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na idhini ya upande wa ulinzi, na Kenya inazo kanuni zake za mwaka 2020. Usirushe droni juu ya reli, kituo au kivuko kwa kutegemea kwamba ni ndogo. Ikiangukia nyaya za SGR, treni inaweza kusimamishwa.

Kusikopigwa hata ukiwa na kibali

Mashine za kukagulia mizigo, walinzi wakiwa kazini, askari wenye silaha, kamera za ulinzi zilikofungwa, chumba cha kuongozea treni, kibanda cha dereva, vituo vya kupozea umeme, makasha ya fedha, na kompyuta za kukatia tiketi. Kwenye stesheni kubwa za Madaraka Express, treni ya SGR ya Kenya, Nairobi na Mombasa, abiria hupanga mizigo yao kwenye mstari na mbwa hupita wakinusa. Inavutia kweli kuipiga. Usiipige. Picha ya ukaguzi inaonyesha jinsi ukaguzi unavyofanyika, na hilo ndilo wasilotaka lisambae.

Tiketi yako pia usiipige ikasomeka. Ina jina lako, namba na msimbo. Funika kwa kidole.

Jukwaani na kando ya reli

Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma inafika kilomita 160 kwa saa. Huo ni mwendo wa mita 44 kila sekunde, yaani urefu wa uwanja wa mpira unaisha kwa sekunde mbili na ushei. Haina muungurumo wa injini ya dizeli wa kukuonya mapema, na breki zake zinahitaji umbali mrefu sana kuisimamisha. Anayeitazama kupitia lenzi huona iko mbali kuliko ilivyo, hasa akitumia lenzi pana au simu. Hii ndiyo sababu ya kanuni ya mstari: simama nyuma ya mstari wa tahadhari, miguu yote miwili pamoja na begi, na usirudi kinyumenyume huku ukitazama skrini. Ukitaka kubadilisha mahali, shusha kamera, tembea, simama, ndipo uiinue tena.

Nyaya za juu ya SGR zina umeme wa volti 25,000. Umeme wa kiwango hiki hauhitaji kuguswa. Unaweza kuruka hewani ukifuata kitu kilichosogezwa karibu, na fimbo ya selfi, tripodi iliyonyanyuliwa au mwavuli ni njia nzuri kwake. Jukwaani usinyanyue kitu chochote kirefu juu ya kichwa. Usipande ukuta, behewa au daraja ili uzifikie nyaya kwa usawa wa macho.

Kutembea juu ya reli ni kosa, na kupiga picha za harusi au za mahafali katikati ya mataruma ni hatari hata kwenye reli ya zamani ambayo watu wanadhani treni zake ni chache. Treni za mizigo hazina ratiba unayoijua wewe. Wapiga picha wa kibiashara, tafadhali, msimkubalie mteja anayeomba hili. Ukitaka reli kama mandhari, Makumbusho ya Reli ya Nairobi ina garimoshi kubwa la mvuke namba 5918, mabehewa, na hata behewa ambalo ndani yake simba alimuua ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Huko vyombo vimesimama na watu wameenda kutazama.

Flashi izime kabisa. Dereva wa treni, basi au kivuko akipigwa na mwako usoni jioni hupoteza uwezo wa kuona kwa sekunde kadhaa, na basi la mwendokasi la mita 18 likiwa linaingia kwenye jukwaa lililojaa watu halina nafasi ya sekunde hizo. Zima pia ile taa ndogo ya kusaidia kamera kulenga gizani. Wengi huisahau kwa sababu si flashi.

Watu waliomo kwenye picha

Umati ukiwa mbali, sura hazitambuliki, hakuna wa kuombwa. Mtu mmoja akiwa ndiye picha yenyewe, muombe. Salamu kwanza, kwa kiwango cha umri wake, halafu ombi fupi: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha hapa ulipokaa na mzigo wako, ni ya kazi yangu ya chuo." Akisema hapana, "asante mama" na uondoke, usibembeleze na usimpige kwa mbali ukishaenda pembeni. Ukihofia kwamba kuomba kutaharibu uhalisia, piga, halafu umwendee papo hapo umwonyeshe na umwachie uamuzi. Akikataa, futa mbele yake.

Wanaolala kwenye viti, wanaonyonyesha, wanaosali pembezoni mwa kituo, wagonjwa wanaopelekwa hospitali na wafungwa wanaosafirishwa, waache. Watoto na wanafunzi wenye sare usiwapige bila mzazi au mwalimu. Sare inaonyesha shule yao na kituo kinaonyesha saa wanapopita. Kwenye boti za kwenda Zanzibar, heshimu zaidi familia zilizokaa pamoja.

Kwa daladala, mtu wa kuomba ni konda, kisha dereva. Wapiga debe hawana gari, ingawa ndio watakaokuwa wa kwanza kukuuliza unafanya nini. Wasalimie nao, ukiwadharau watakuharibia kazi yote. Nairobi, mafundi na makanga wa nganya, yaani matatu zilizopambwa, wanapenda gari lao lipigwe na watakusogezea likae vizuri kwenye mwanga, mradi uombe na uwatumie picha. Usitoe pesa kwa kila anayedai ni wa steji. Ukitaka kumshukuru mtu, mnunulie soda dereva uliyempiga.

Ajali ikitokea, kamera iingie mfukoni. Usimpige majeruhi wala maiti, usitume kwenye kundi lolote. Ndugu wengi wamepata taarifa za msiba kupitia picha iliyosambazwa kabla polisi hawajafika kwao. Kama una ushahidi wa kweli, mfano namba ya gari lililokimbia, mpe askari wa usalama barabarani.

Kupata picha nzuri ndani ya mipaka hii

Picha nyingi nzuri za usafiri zinapatikana nje ya geti. Madaraja ya waenda kwa miguu ya Barabara ya Morogoro, kama lile la Manzese, yanakuonyesha njia ya mwendokasi kutoka juu. Asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tatu, piga mabasi yanayokwenda mjini: yanaelekea mashariki, kwa hiyo jua linayaangaza usoni. Jioni geuka upige yanayorudi Kimara. Mchana wa saa sita Dar es Salaam jua liko karibu utosini, madirisha yote huwa meusi na paa linang'aa, pumzika. Simama kwenye kona ya daraja usizuie njia, vaa mkanda wa kamera shingoni, na kifuniko cha lenzi kiwe mfukoni, kwa sababu kikidondoka kutoka urefu ule juu ya pikipiki ni ajali. Begi liwe kifuani. Usipige kwa simu ukiwa ukingoni mwa barabara. Vishandu, yaani wezi wa kunyakua, hupita na pikipiki na kuinyakua kabla hujageuka. Kwa SGR, eneo la Kamata linakupa treni ikipita juu ya nguzo ndani ya jiji, nawe umesimama barabarani.

Treni yenye kasi ikikujia kwa ubavu inahitaji kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi. Ikiingia stesheni taratibu, 1/250 inatosha. Ukitaka basi liwe kali na mandhari ya nyuma ivutike, weka 1/60 na uzungushe kiwiliwili ukilifuata, ukiendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Vibao vya taa vinavyoonyesha basi linakwenda wapi huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Ukipiga kwa 1/500 utapata nusu ya maandishi au kibao cheusi. Shuka hadi 1/100 au 1/60, maandishi yatatoka kamili. Ndani ya stesheni, taa zetu zinafuata umeme wa hezi 50, kwa hiyo 1/50 na 1/100 huondoa mistari ya giza kwenye picha. Taa za mbele za treni huidanganya kamera ikafanya picha yote kuwa giza. Ongeza mwanga hatua moja. Kwenye simu, bonyeza kwa muda kwenye ubavu wa behewa ili kufunga fokasi na mwanga hapo, si kwenye taa, kisha piga mfululizo.

Ukiwa ndani ya treni ya SGR, madirisha hayafunguki. Kilomita nyingi za Madaraka Express zinapita Tsavo, na picha za tembo huharibiwa na mwakisi wa shati la mpigaji mwenyewe. Vaa nguo nyeusi au ya rangi nzito, futa kioo, bandika simu kabisa kwenye kioo, au zungushia lenzi kitambaa cheusi. Filta ya polaraiza iondoe, kwani kwenye vioo vya namna hii huleta mabaka ya rangi za upinde wa mvua. Tumia 1/1000, na piga vilivyo mbali. Nguzo na majani ya karibu yatakuwa ukungu tu.

Ukisimamishwa

Shusha kamera, usiifiche. Kuificha haraka ndiko kunakogeuza swali kuwa kesi. Salimia: "Habari za kazi, afande." Toa kitambulisho kabla hujaombwa, sema ulichokuwa unapiga, mwonyeshe picha tatu za mwisho ukiishika kamera wewe mwenyewe. Usianze na sheria wala na jina la mkubwa unayemfahamu.

Akisema hairuhusiwi, acha hapo hapo. Uliza kwa upole ni sehemu hii tu au stesheni nzima, na nani anaweza kukuruhusu; mara nyingi jibu ni "nenda nje ya geti" au "muone mkuu wa stesheni", na hiyo ni njia, si ukuta. Akitaka ufute na picha si muhimu, futa. Kama ni ya kazi na una kibali, omba uamuzi ufanywe na mkuu wake mbele yenu wote. Akitaka kuchukua kifaa, omba jina lake, kituo chake na hati ya kuonyesha kimechukuliwa, na mpigie aliyekupa kibali. Usivutane naye kamera. Na usitoe chochote cha kumalizia yaishe. Rushwa ni kosa jipya juu ya jambo ambalo pengine halikuwa kosa.

Kabla ya kuzituma mtandaoni

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Sura ya mtu ni taarifa yake. Kwa tangazo au mauzo, chukua ridhaa ya maandishi: jina, tarehe, picha gani, itatumika wapi, sahihi. Karatasi kumi za namna hiyo ndani ya begi hazina uzito.

Ziba namba za magari binafsi na kadi za wafanyakazi. Ondoa taarifa za mahali kwenye faili kama kuna mtu anayetambulika. Usiandike maelezo ya kumdhihaki konda, mama mwenye mizigo au abiria aliyelala. Halafu tuma nakala kwa waliokusaidia: faili kubwa kwa kitengo cha uhusiano kilichotoa kibali, na ndogo ya WhatsApp kwa dereva na konda, siku hiyohiyo, kabla namba zao hazijapotea kwenye simu yako.